Mnara Usiishie Barabarani

Kampuni ya simu hufuata wateja. Ndiyo biashara yake, wala hatuilaumu. Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaowachangisha wenye leseni na kutoa ruzuku kwa minara ya vijijini. Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758 katika kata 713 nchini. Jambo jema. Lakini mkulima wa nyuma ya Mugumu hali hesabu. Na huko Sirari, simu iliyomo ndani ya Tanzania huweza kudaka mawimbi ya Kenya, mwenyewe akatozwa kama msafiri! Twataka wakaguzi wa Serikali wayapime mawimbi vijijini Tarime na Serengeti, si kando ya barabara kuu, ndipo ruzuku ya mwisho ilipwe.