Jino la Kung'oa na Jino la Kuacha

Mkulima wa pamba wa Kishapu au mchimbaji wa dhahabu wa Geita akiumwa na jino, shauri la majirani huwa moja: ling'olewe. Shauri hilo lina sababu zake. Kung'oa humaliza kazi kwa safari moja, na koleo halihitaji umeme. Hata hivyo, jino la ukubwani likitoka halioti tena, na meno mengi yanayotolewa yangeweza kuokolewa. Yafaa basi kuchunguza ni hali gani hasa inayomlazimu tabibu kushika koleo.

Jino ni kiungo chenye uhai. Ganda lake la nje, yaani enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Chini yake mna dentini, na katikati mna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Vijidudu wanaoishi katika ukoga hula sukari na kutoa asidi. pH inaposhuka chini ya 5.5 hivi, madini ya enameli huanza kuyeyuka. Mate hurudisha sehemu ya madini hayo, lakini mtu anayekunywa soda au chai yenye sukari nyingi kila mara hayapi mate nafasi ya kufanya kazi hiyo. Tundu hutokea, nalo huchimba kuelekea kwenye kiini.

Namna ya maumivu hueleza tundu limefika wapi. Maji baridi yakiuma, kisha maumivu yakatoweka baada ya sekunde chache, kiini kingali kizima na jino hilo ni la kuzibwa. Lakini maumivu yakianza yenyewe bila jino kuguswa, yakapwita usiku na kumnyima mtu usingizi, au yakadumu muda mrefu baada ya kinywaji cha moto, kiini kimekwisha kuumia kiasi cha kutopona. Kiini kimezungukwa na kuta ngumu pande zote. Kikivimba hakina pa kupanukia, damu hukatika, nacho hufa. Hapo ndipo wengi hudanganyika, kwani maumivu huweza kukoma ghafla. Mgonjwa hushukuru, huku usaha ukijikusanya polepole kwenye ncha ya mzizi. Vidonge vya kuua vijidudu vinavyonunuliwa dukani haviponyi jino la namna hiyo, maana dawa husafirishwa na damu, na ndani ya kiini kilichokufa hakuna damu inayopita.

Hata jino lililofikia hatua hiyo huweza kuokolewa kwa kusafishwa na kuzibwa mizizi yake, mahali penye mtaalamu na vifaa. Pasipo na huduma hiyo, kung'oa ndiyo tiba ya haki, wala si aibu kwa tabibu. Vivyo hivyo kwa jino lililooza mpaka chini ya ufizi hata hakuna pa kushikia kizibo. Lililopasuka mpaka mzizini. Lililopoteza mfupa wake kwa ugonjwa wa fizi hata likawa linacheza juu na chini. Na gego la mwisho lililokwama taya likawa linatunga usaha mara kwa mara. Uvimbe ukitokea chini ya taya, mgonjwa akashindwa kufungua kinywa au kumeza mate, hapana kungoja kesho: maambukizo huweza kushuka shingoni na kuziba njia ya pumzi.

Shinyanga ina jambo lake. Maji ya visima vingi vya huko yana floraidi nyingi inayotoka katika miamba. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yangali yanaumbwa ndani ya taya huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa uhaba wa maji vijijini, iliruhusu hadi miligramu 8 katika kanuni zake za muda za mwaka 1974. Kijana mwenye meno ya kahawia huficha kicheko chake, na wengine hufikiri meno hayo yameoza. Kwa kawaida hayakuoza. Rangi peke yake haijawahi kuwa sababu ya kung'oa.

Kwa wachimbaji wadogo wa Geita, jino linalocheza lina maana nyingine tena. Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, kisha huchoma donge linalopatikana. Mvuke wake ukivutwa huingia damuni kupitia mapafu. Anayeuvuta kwa muda mrefu huweza kutetemeka mikono, kutokwa mate mengi, kuvimba fizi na kulegea meno. Kumng'oa mtu huyo meno na kumrudisha kwenye moto ule ule ni kuutibu moshi na kuliacha jiko. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020.

Walimu na wazazi wana gego moja la kuangalia kuliko yote. Katika umri wa miaka sita hivi, gego la kwanza la ukubwani huchomoza nyuma ya meno ya utoto bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hulidhani ni la utoto, wakaliacha lioze kwa imani kwamba litaota jingine. Halitaota.

Tundu linaloonekana mapema katika gego hilo halihitaji mashine. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianzisha hapa Tanzania njia ya kukwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono tu, kisha kuziba tundu kwa saruji inayogandamana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo mwaka 1994. Kazi yote hufanyika juu ya meza ya darasa, mara nyingi bila hata sindano ya ganzi, na baada ya saa moja mwanafunzi aweza kula chakula chake.