Adhabu ya timu kwa udanganyifu wa makocha na viongozi

Adhabu ya timu kwa udanganyifu wa makocha na viongozi ni hatua ya kinidhamu katika michezo ambapo timu nzima hupoteza pointi, ushindi, nafasi ya kufuzu au daraja lake kutokana na kosa lililofanywa na kocha, meneja au kiongozi, hata kama wachezaji wengi hawakushiriki wala kujua. Nchini Tanzania adhabu hii inajulikana hasa kupitia soka la vijana. Serengeti Boys, timu ya taifa ya wavulana wenye umri chini ya miaka 17, iliwahi kuondolewa mashindanoni kwa kosa la aina hiyo, na miaka 12 baadaye ikafuzu kwa sababu mpinzani wake aliondolewa.

Swali linalobishaniwa ni kama ni haki mchezaji asiye na hatia kubeba mzigo wa kosa la mtu mwingine. Jibu hutegemea sana lengo la adhabu: kuna adhabu inayorudisha kilichochukuliwa kwa hila, na kuna adhabu inayolenga kuumiza ili wengine waogope.

Aina za udanganyifu

Udanganyifu unaofanywa na benchi la ufundi au viongozi hutokea kwa njia kadhaa. Iliyo maarufu zaidi Afrika Mashariki ni kudanganya umri. Mchezaji aliyezidi umri wa mashindano huitwa kijeba. Katika michezo ya shule, mchezaji anayeingizwa kwenye timu ya shule ambayo si mwanafunzi wake huitwa mamluki. Njia nyingine ni kumchezesha mchezaji aliyesimamishwa kwa kadi, kupanga matokeo, na kupeleleza mazoezi ya wapinzani.

Katika makosa haya mchezaji mwenyewe huenda akawa mshiriki, kama kijeba anayejua umri wake halisi. Lakini fomu za usajili hujazwa na kuthibitishwa na watu wazima, na wachezaji wenzake mara nyingi hawana njia ya kukagua cheti cha kuzaliwa cha mtu mwingine.

Msingi wa kisheria

Kanuni za nidhamu za Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) zinaruhusu chama cha soka au klabu kuwajibishwa kwa matendo ya wachezaji, viongozi na hata mashabiki wake, hata kama chama au klabu hiyo itathibitisha kwamba haikuwa na uzembe wowote. Sababu yake ni kwamba anayeingia mashindanoni kisheria ni chama au klabu, si mchezaji mmoja mmoja. Ushindi ni mali ya taasisi hiyo, na hivyo taasisi ndiyo inayoweza kunyang'anywa.

Timu iliyomtumia mchezaji asiyestahili kwa kawaida huhesabiwa kuwa imepoteza mchezo kwa mabao 3-0. Watanzania huziita pointi zinazopatikana kwa njia hiyo pointi za mezani, kwa kuwa huamuliwa na kamati na si uwanjani. Jina hilo lina kejeli ndani yake: kwa mashabiki wengi, ushindi wa mezani haufanani na ushindi wa jasho.

Serengeti Boys

Tanzania ilifuzu kwa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 zilizofanyika Gambia mwaka 2005. Kabla ya fainali hizo, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliiondoa kwa kumtumia mchezaji aliyezidi umri, na nafasi yake ikachukuliwa na Zimbabwe. Kosa lilihusu usajili wa mchezaji mmoja, lakini safari ilifutwa kwa kikosi kizima. Kwa mashindano ya vijana hasara ya namna hiyo haifidiki: mchezaji wa timu ya wakubwa anaweza kusubiri fainali zijazo, lakini kijana wa miaka 17 hatakuwa na sifa ya kucheza tena miaka miwili baadaye.

Mwaka 2016 mambo yaligeuka. Katika raundi ya mwisho ya kufuzu, Serengeti Boys iliifunga Kongo-Brazzaville 3-2 jijini Dar es Salaam, kisha ikafungwa 1-0 mjini Brazzaville. Jumla ikawa 3-3, na Kongo ikapita kwa mabao ya ugenini. Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) lilikata rufaa likidai kwamba mchezaji mmoja wa Kongo alikuwa amezidi umri. CAF iliagiza mchezaji huyo apelekwe Cairo kwa kipimo cha MRI. Hakupelekwa, na mwanzoni mwa mwaka 2017 Kongo ikaondolewa. Tanzania ikaenda Gabon kucheza fainali hizo kwa mara ya kwanza. Huko ilitoka sare ya 0-0 na Mali, ikaifunga Angola 2-1 na kufungwa 1-0 na Niger. Ilimaliza ikiwa na pointi 4 sawa na Niger, lakini Niger ndiyo iliyoingia nusu fainali.

Matukio haya mawili yanaonyesha pande mbili za jambo moja. Mwaka 2005 vijana wa Tanzania waliumia kwa kosa la watu wazima wa upande wao. Mwaka 2017, kama Kongo ingeachwa kwa hoja kwamba wachezaji wake wengine hawakuwa na hatia, vijana wa Tanzania ndio wangeumia kwa kosa la watu wazima wa nchi nyingine. Hapakuwa na uamuzi ambao usingemgusa kijana yeyote asiye na kosa.

Tukio la tatu lilihusu fainali zilizoandaliwa na Tanzania yenyewe jijini Dar es Salaam, Aprili 2019. Guinea ilifika fainali na kufungwa na Kamerun kwa mikwaju ya penalti, na kwa hiyo ikapata tiketi ya Kombe la Dunia la vijana nchini Brazil. Senegal ililalamika kwamba wachezaji wawili wa Guinea walikuwa wamesajiliwa kwa tarehe za kuzaliwa tofauti na zile walizotumia katika mashindano yaliyofanyika Japani mwaka 2017. CAF iliiondoa Guinea, ikaitoza faini ya dola 100,000 za Marekani na kuifungia kushiriki matoleo mawili yaliyofuata. Senegal ilikwenda Brazil badala yake.

Kuiondoa Guinea kulirudisha nafasi iliyopatikana isivyo halali. Kifungo cha matoleo mawili ni jambo jingine. Kwa kalenda ya kila baada ya miaka miwili, vijana wa toleo la pili walikuwa na umri usiozidi miaka 13 wakati kosa likitendeka. Hawakuwamo kikosini, na hakuna walichonufaika nacho.

Kupanga matokeo mwaka 2016

Katika soka la klabu, tukio linalokumbukwa zaidi ni la Ligi Daraja la Kwanza Tanzania Bara, msimu wa 2015/16. Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zikigombea nafasi moja ya kupanda Ligi Kuu, na tofauti ya mabao ndiyo ingeamua. Siku ya mwisho Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa 8-0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Aprili 2016 Kamati ya Nidhamu ya TFF ilizishusha daraja timu zote nne kwa kupanga matokeo, na watu kadhaa, wakiwemo walinda milango na viongozi, walifungiwa kujihusisha na soka.

Nafasi ya kupanda ilikwenda kwa Mbao FC ya Mwanza. Msimu uliofuata Mbao ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa 2-1 na Simba mjini Dodoma. Geita Gold ilirudi taratibu na kupanda Ligi Kuu mwaka 2021. Hapa adhabu ya timu na adhabu ya watu zilikwenda pamoja. Kama wahusika tu wangefungiwa na matokeo kuachwa, klabu ingepanda daraja kwa mabao ya kupangwa, na Mbao ingebaki chini.

Mifano ya nje ya Afrika

Mwaka 1988 FIFA iliifungia Meksiko miaka miwili kwa kutumia wachezaji waliozidi umri katika mashindano ya vijana chini ya miaka 20. Kifungo kilihusu timu zote za taifa. Meksiko ilikosa Olimpiki ya Seoul ya 1988 na Kombe la Dunia la 1990 nchini Italia. Mshambuliaji wake Hugo Sánchez, aliyefunga mabao 38 katika ligi ya Hispania msimu wa 1989/90 akiwa na Real Madrid, hakucheza Kombe hilo kwa sababu ya fomu za vijana ambazo hazikumhusu.

Kanada ilipata adhabu ya namna nyingine katika Olimpiki ya Paris ya 2024. Benchi la ufundi la timu ya wanawake lilitumia droni kupeleleza mazoezi ya New Zealand. FIFA ilimfungia kocha mkuu Bev Priestman na wasaidizi wawili kwa mwaka mmoja, ikatoza faini ya faranga 200,000 za Uswisi na kuipokonya timu pointi 6. Rufaa ya Kanada dhidi ya kupokonywa pointi ilikataliwa na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS). Wachezaji walishinda michezo yote mitatu ya kundi, wakabaki na pointi 3 na kuingia robo fainali, ambako walitolewa na Ujerumani kwa penalti. Tofauti na Meksiko, timu iliumizwa lakini iliachiwa mlango wa kujiokoa kwa miguu yake yenyewe.

Mjadala

Wanaounga mkono adhabu ya timu husema kwamba timu hushinda pamoja na hivyo hupoteza pamoja, na kwamba mchezaji asiyejua hila bado amenufaika na bao la kijeba. Husema pia kwamba kumfungia kocha peke yake hakutoshi: viongozi wangekuwa tayari kumtoa kafara mtu mmoja ili wabaki na kombe. Methali ya samaki mmoja akioza wote wameoza mara nyingi hutajwa upande huu.

Wanaopinga husema methali hiyo inafaa kwa samaki na si kwa watu. Katika sheria ya jinai mtu huadhibiwa kwa kosa lake mwenyewe. Wanaongeza kwamba mchezaji, hasa mtoto, hana mamlaka juu ya kocha: hamchagui, hamkagui, na akimhoji anaweza kukosa namba.

Hoja hizi mbili hazigongani moja kwa moja, kwa sababu zinazungumzia mambo mawili. Kurudisha pointi au nafasi si hukumu kwamba wachezaji wana hatia. Mtu aliyenunua baiskeli ya wizi bila kujua hafungwi, lakini baiskeli hurudi kwa mwenyewe. Kwa kipimo hicho, kuondolewa kwa Tanzania mwaka 2005 na kwa Kongo mwaka 2017 kunatetewa kirahisi kuliko kifungo cha Meksiko, ambacho kiliwapokonya watu kitu ambacho hawakukipata kwa hila.

Katika michezo ya shule

Suala hili huwagusa vijana wengi zaidi katika mashindano ya UMISSETA, yanayoshirikisha shule za sekondari kuanzia ngazi ya shule, kupitia wilaya na mkoa, hadi taifa. Mkoani Ruvuma, kama kwingineko, mamluki haingii kikosini peke yake: lazima kuna mtu mzima aliyempa jezi na jina. Timu ikiondolewa, wanafunzi halali hurudi nyumbani pamoja naye, ingawa aliyesaini fomu ni mwalimu wa michezo au mkuu wa shule.

Kinga bora kwa wachezaji wasio na kosa ni ukaguzi unaofanyika kabla ya mchezo wa kwanza, kwa vyeti, picha na rejesta ya shule. FIFA ilianza kutumia MRI ya kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 nchini Nigeria mwaka 2009. Kijeba akigunduliwa mapema, huondolewa yeye na kuulizwa aliyemleta. Akigunduliwa baada ya fainali, kikosi kizima hulipa.