Chuma Nacho Huchoka

Wengi hudhani kuwa kitenzi “kuchoka” ni haki ya viumbe wenye uhai pekee. Mimi niliye mwanaisimu naona kwamba chuma nacho kinakistahili. Wahandisi wa Ulaya walianza kuutaja uchovu wa chuma katika karne ya 19, walipoona ekseli za magarimoshi zikivunjika chini ya mizigo zilizoizoea. Kilichozivunja si uzito, bali ni marudio yake. Mzigo mdogo ukirudiwa mara milioni kadhaa huzaa ufa, nao ufa hukua kimyakimya.

Je, dawa ni kununua feleji iliyo imara zaidi? Hapa yafaa tutofautishe. Feleji isiyoungwa ikiongezwa nguvu, ustahimilivu wake dhidi ya uchovu nao huongezeka. Ikishachomelewa, faida hiyo karibu yote hutoweka. Kingoni mwa mshono hubaki kasoro ndogo mno, pamoja na mikazo inayofungika humo chuma kinapopoa. Ufa hupata pa kuanzia, na kasi ya kukua kwake haitofautiani sana baina ya feleji ya kawaida na ile ya ghali. Tena, aliyenunua feleji imara huipunguza unene, na hivyo kuizidishia mkazo. Katika viungo vya kuchomelewa, mkazo ukiwa maradufu, umri hupungua hadi takriban sehemu 1 kwa 8.

Ushahidi ni jukwaa la Alexander L. Kielland, lililokuwa makao ya wafanyakazi wa mafuta katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norway. Tarehe 27 Machi 1980 mguu wake mmoja ulikatika, likapinduka. Kati ya watu 212, walikufa 123. Uchunguzi ulibaini kuwa ufa ulianzia penye mshono mdogo wa kibebeo cha chombo cha kunasia sauti majini. Rangi iliyokutwa ndani ya ufa ilionyesha kuwa sehemu yake ilikuwepo tangu kiwandani.

Nasi tunaosafiri katika magari yaliyochomelewa fremu tusiridhike kuambiwa kuwa chuma ni imara. Tuulize mshono umewekwa wapi, kingo zake zimesagwa zikalainika, na utakaguliwa lini. Wahenga walituusia kuziba ufa mapema tusije tukajenga ukuta. Wakaguzi wa magari na waungaji vyuma wauchukue usia huo kuwa kanuni ya kazi.