Sinthesaiza ya moduli: Rafu ipangwe vipi ili ikidhi ohangla?

KINANDA cha kielektroniki kimekaa kando ya ngoma za ohangla kwa zaidi ya miongo miwili sasa, tangu wanamuziki kama Tony Nyadundo walipoupeleka mtindo huo wa Waluo hadi kumbi za Nairobi katika miaka ya 2000. Katika harusi na matanga ya Muhoroni na vitongoji vyake, bendi isiyo na kinanda huonekana pungufu.

Hata hivyo, kinanda cha dukani kina kasoro ambayo mpenzi wa orutu huitambua mara moja. Kimeigawa okteva katika hatua 12 zilizo sawa, ilhali mpiga orutu huutelezesha mkono juu ya uzi wake mmoja na kutua popote sikio linapomwelekeza. Gurudumu la kupindia sauti husaidia, lakini si sana.

Hapo ndipo sinthesaiza ya moduli inapostahili kufikiriwa. Chombo hiki kilichipuka Marekani katika miaka ya 1960 kupitia kazi za Robert Moog na Don Buchla, kisha katikati ya miaka ya 1990 Mjerumani Dieter Doepfer akaanzisha vipimo vya Eurorack ambavyo watengenezaji wengi wanavifuata hadi leo. Hakiuzwi kikiwa kizima. Mnunuzi hukusanya vipande, yaani moduli, na kuviunganisha kwa nyaya fupi. Sauti hupandishwa kwa volti: volti 1 ni okteva moja, na kati ya okteva mbili hakuna ngazi zilizowekwa na kiwanda.

Uhuru huo una gharama. Moduli huagizwa kutoka ng'ambo na kutozwa ushuru, na bendi inayotegemea malipo ya msimu wa miwa haiwezi kununua kifaa kimoja mara mbili. Mpango wa rafu kwa hiyo hufanywa kwa kalamu kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Safu ya kawaida ina upana wa vipimo 84, kila kimoja milimita 5.08, jumla yake ikiwa karibu sentimita 43. Kosa la wengi ni kuijaza safu hiyo osileta, yaani moduli zinazozalisha sauti. Matokeo yake ni sauti nyingi zinazolia kwa mkupuo bila wa kuzinyamazisha, mithili ya kundi lenye waimbaji 10 lisilo na mpiga ngoma hata mmoja.

Kwa ohangla, osileta mbili zatosha: moja ishike nafasi ya orutu, nyingine besi. Kichujio kimoja kitazipa mdomo. Fedha zilizosalia ziende kwa moduli zisizovutia macho: vidhibiti vya ukubwa wa sauti vinavyoongozwa na volti, visipungue vinne, vitengeneza-umbo viwili vya kuamua sauti ianze na kufifia vipi, osileta ya polepole ya kutikisa nyingine, miksa, na vipunguza-volti. Hizi ndizo zinazoigeuza milio kuwa muziki.

Moduli ya kunyoosha noti, ile inayolazimisha kila volti iangukie mojawapo ya hatua 12, inunuliwe mwisho au isinunuliwe kabisa. Kuiweka ni kukirudia kinanda kilekile tulichokikimbia.

Kinyume chake, moduli ya kupokea sauti ya nje isikosekane. A-119 ya Doepfer, kwa mfano, hukuza sauti ya maikrofoni, hufuatilia nguvu ya kila pigo na kutoa volti inayolingana nayo. Maikrofoni ikiwekwa kwenye ngoma kuu, mpigaji ndiye atakayeiongoza mashine. Mara nyingi hali huwa kinyume: mdundo uliorekodiwa huendeshwa na kinanda, naye mpiga ngoma hukimbizana nao hadi alfajiri. Kwa maoni yetu, moduli hii pekee yatosha kuhalalisha rafu nzima.

Umeme ndio unaounguza fedha za wasio waangalifu. Moduli hutumia volti 12 chanya na volti 12 hasi, na kila moja huandikiwa kiasi cha miliampia inachotumia. Jumlisha kila upande peke yake. Iwapo jumla ya upande chanya ni miliampia 900, tafuta kigavi cha 1,200, kwa sababu moduli huhitaji zaidi zinapowashwa. Utepe wa nyaya una mstari mwekundu unaoonyesha upande wa volti 12 hasi. Ukichomekwa kinyume, moduli isiyo na kinga huweza kuungua papo hapo.

Jua la nyanda za miwa nalo si la kupuuzwa. Osileta za analogi huhama sauti kadiri joto linavyobadilika, hivyo ziwashwe nusu saa kabla ya kulinganishwa na nyatiti au orutu. Rafu isianikwe juani.

Asiyetaka kubahatisha aanze na VCV Rack, programu iliyotolewa mwaka 2017 ambayo toleo lake la msingi ni la bure. Huiga moduli hizi ndani ya kompyuta, nyaya zake zikiwemo. Mpigaji aunde rafu yake humo, aicheze pamoja na ngoma kwa miezi michache, kisha aorodheshe moduli ambazo hakuzigusa na kuzifuta katika hesabu yake ya ununuzi.