Mwanao anaandika hadithi kwenye simu? Soma kabla hujamnyang'anya

Wazazi wa Ngara na Biharamulo wakiniletea suala la mtoto na simu, huliuliza kama suala la afya. Mtoto halali. Saa sita usiku mwanga bado unaonekana chini ya shuka, asubuhi macho mekundu, darasani anasinzia. Je, ni ugonjwa?

Jibu la kitaalamu ni fupi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi kwa usiku mmoja, na simu kitandani huula usingizi huo. Simu ilale sebuleni. Lakini siku hizi nimeongeza swali la pili: umewahi kutazama anafanya nini humo?

Wengi hudhani ni video au mpenzi, na mara nyingine ndivyo ilivyo. Mama mmoja wa Rulenge, aliyekuwa ameshaifungia simu kabatini, alikuta kitu kingine kabisa. Binti yake wa kidato cha pili alikuwa anaandika riwaya. Aliiandika kama ujumbe wa WhatsApp na kujitumia mwenyewe, sehemu baada ya sehemu, na alikuwa amefika sehemu ya 41. Mama alianza kusoma amesimama, akaketi, maharage yakaungua. Kisha akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala haya: sasa nimfanyeje huyu?

Hatua ya kwanza ni kutomwadhibu kwa sababu ya kuandika. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake Sandra Beall waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika kwa dakika 15 kila siku kwa siku nne. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Utafiti ule ulihusu maisha yao halisi, si hadithi za kubuni, na kuandika si dawa ya kila kitu. Hata hivyo unatukumbusha kwamba maneno yanayotolewa moyoni na kuwekwa kwenye karatasi yana kazi mwilini.

Na watoto wa wilaya hizi mbili wana mengi ya kutoa. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Biharamulo. Wawili waliothibitishwa kuugua walifariki, pamoja na wengine wanane waliohesabiwa kuwa huenda walikuwa nao, hadi Machi 13 Wizara ya Afya ilipotangaza kwamba mlipuko umekwisha. Ngara nako, kuna nyumba ambazo babu bado anasimulia Aprili 1994, pale Wanyarwanda wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kwa takribani siku moja tu na Benaco ikageuka mji wa mahema. Mtoto anayekua katikati ya masimulizi hayo akishika kalamu, tusishangae.

Wasomaji wako wapi

Tatizo la mwandishi wa Ngara siku zote limekuwa umbali. Dar es Salaam, waliko wachapishaji wengi, iko zaidi ya kilomita 1,200. Hata maktaba ya mkoa iko Bukoba. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo ya ziwa letu hilihili, alimaliza mswada wake wa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Alisubiri zaidi ya miaka 30, akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili ili uchapwe, na mwaka 1981 akafariki kabla hajakishika kitabu chenyewe mkononi.

Simu imeufupisha umbali huo. Lakini imefungua milango mingi kwa mpigo, na mlango ulio karibu zaidi na mtoto si ule ambao mzazi angependa aingie kwanza.

Mlango huo ni vikundi vya simulizi vya Facebook na WhatsApp. Biashara yake inafahamika: sehemu tatu za kwanza bure, ikifika patamu inaandikwa "itaendelea", na anayetaka mwisho anatuma elfu moja au mbili kwa namba ya simu. Sibezi. Humo wako waandishi wenye kipaji wanaolipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyo, na wanajua kumkamata msomaji kuliko wengi wenye shahada. Ila hadithi nyingi ni za wakubwa, na kikundi cha watu 500 kina watu ambao hakuna anayewajua. Binti wa miaka 14 akiweka kazi yake humo, atakayemfuata pembeni kumwambia "una kipaji, tuma picha yako nikusaidie kuchapisha" hatafuti hadithi.

Jukwaa la JamiiForums nalo kwa miaka mingi limebeba hadithi ndefu za sehemu kwa sehemu. Wasomaji wake hawana huruma na mwandishi anayechosha, jambo linalomfaa mtu mzima. Kwa mtoto ni mapema. Wattpad, iliyoanza Canada mwaka 2006, hupokea watumiaji kuanzia miaka 13, na msomaji anaweza kutoa maoni kwenye aya moja moja. Hiyo ni shule nzuri ya kujua ni wapi watu wamecheka na ni wapi wamenyamaza. Kasoro yake kwetu ni kwamba Kiswahili humo ni kichache na mapenzi ya Kiingereza ni mengi mno. Kama mwanao yumo, keti naye mkague akaunti pamoja.

Ninapopendekeza pa kuanzia, hasa kwa walio chini ya miaka 15, ni African Storybook. Ni tovuti ya shirika la Saide la Afrika Kusini, yenye hadithi fupi za watoto zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kinyarwanda zikiwemo. Kusoma ni bure, na hadithi inaweza kupakuliwa ikasomwa bila bando. Zaidi ya hapo, leseni yake inaruhusu mtu kutafsiri hadithi iliyopo au kutunga mpya kwa kutumia picha zilizomo, mradi waliotangulia watajwe. Kwa Ngara hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Kihangaza kinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda, kwa hiyo mtoto anaweza kumsomea bibi hadithi ya Kinyarwanda bibi akaelewa, kisha wakaandika ya kwao kwa Kihangaza, bibi akisahihisha maneno. Mwandishi anayepitia kazi hiyo mara kumi huanza kujua hadithi inajengwaje: inaanzia wapi, inageukia wapi, nini kikatwe.

Kwa wanaotaka kusoma zaidi, Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada bila malipo. Si vya burudani, lakini vya Kiswahili vya sekondari vinafundisha riwaya, tamthiliya na ushairi kwa utaratibu, na mtoto wa shule ya kata asiye na nakala anaweza kuvifungua kwenye simu ya mzazi.

Kisha kuna tuzo. Nazihesabu kati ya nyenzo za mwandishi kwa sababu zinampa tarehe ya mwisho, idadi ya maneno na majaji wasiomjua baba yake. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi hiyohiyo ya Elimu, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu, na mshindi wa kwanza alipata shilingi milioni 10. Ilianza na riwaya na ushairi, baadaye hadithi za watoto zikaongezwa. Nyingine ilianzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, sasa ni Safal-Cornell, na hupokea hata miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Miongoni mwa washindi wa mwanzo kabisa alikuwa Mtanzania Anna Samwel Manyanza kwa riwaya yake Penzi la Damu. Someni tangazo la mwaka husika pamoja, hasa kipengele cha umri. Na likija "shindano" linalodai ada ya kujiandikisha kwa namba binafsi ya simu, achaneni nalo.

Ukisoma kazi yake, usome kama msomaji

Kuna jambo ambalo tovuti haiwezi kulifanya, nalo ni kuwa msomaji wa kwanza. Baba mmoja wa Nyakahura alikiri kwangu kwamba alipopewa hadithi ya kijana wake, alisahihisha herufi kubwa na nukta kwa kalamu nyekundu mpaka mwisho. Kijana hakumpa nyingine. Nukta zinaweza kusubiri. Mwambie ni wapi ulitaka kujua kinachofuata, na ni wapi ulichoka. Na tafadhali, baba akikutana na mzee mlevi katika hadithi, asiulize "huyu ni mimi?" Hata kama ni yeye.

Hapa lakini narudi kwenye kazi yangu ya afya, maana ndipo penye uzito. Hadithi ya kubuni si ungamo. Mtoto anayeandika kuhusu kifo hataki kufa kwa sababu hiyo tu. Vifo vimejaa kwenye riwaya tunazowafundisha shuleni. Ila kama kila hadithi inarudi kwa mjomba yuleyule anayeingia chumbani usiku, au kwa mhusika anayepanga kujiua kwa undani wa kutisha, na nje ya hadithi mtoto ameacha kula, amejitenga, au masomo yameporomoka ghafla, hapo usiisome kama fasihi peke yake. Usianze na karipio wala mahojiano. Anza na mhusika: unadhani huyu binti angependa mtu amsaidieje? Kisha nyamaza, msikilize.

Akisema jambo lililompata yeye mwenyewe, mwamini na uchukue hatua. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya na dawati la jinsia na watoto la polisi ni haki yake. Kama amefanyiwa ukatili wa kingono, afike hospitali mapema, ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifanyi kazi baada ya hapo.

Kwa usalama wa kila siku, mtoto atumie jina la kalamu, asiweke picha, jina la shule wala kijiji, na mzazi awe na neno la siri la akaunti kwa kukubaliana naye, si kwa kupeleleza. Hadithi inayohusu ugonjwa au mauaji iandikwe juu kabisa kwamba ni ya kubuni, kwenye kila sehemu inayotumwa. Wakati wa Marburg, kipande kimoja cha hadithi kikikatwa na kusambazwa peke yake kingetosha kutia hofu tarafa nzima, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha.

Vipi akiibiwa? Wizi upo, hasa vikundini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi tangu anapoandika, kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kusajili COSOTA si lazima ili haki iwepo, bali husaidia ushahidi. Ushahidi wa bei nafuu zaidi ni daftari. Aandike kwa mkono siku za wiki, mchana, aweke tarehe kila ukurasa. Jumamosi achape kwenye simu, ajitumie kwa barua pepe. Maandishi hayali bando kama video, na ikifika saa tatu usiku simu inarudi sebuleni, hata kama imefika patamu.