KWA NINI SAFARI ZA ASKARI HUFICHWA

Mzazi wa Kiambere ambaye mwanawe ni askari katika nchi za ng'ambo huenda akauliza: mbona hasemi yuko wapi, wala atasafiri lini? Jibu ni hili: siri hiyo ndiyo ngao ya mwanawe.

Mambo ya Mombasa wakati wa Vita Kuu ya Pili yatufunza. Mwaka 1942 Waingereza walikaa katika jengo la shule ya Allidina Visram, wakisikiliza habari ambazo Wajapani walipelekeana kwa simu ya upepo. Habari hizo ziliandikwa kwa mafumbo, lakini mafumbo ya meli za mizigo yalifumbuliwa. Hivyo ilijulikana meli ya Kijapani itapita wapi. Nao mabaharia waliokuwamo hawakujua kwamba siri yao imetoka.

Hasara ya meli moja si ndogo. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Watu zaidi ya 1,200 walikufa.

Adui hahitaji kupata habari nzima. Huokota jina la bandari kwa huyu, siku kwa yule, na picha ya simu kwa mwingine, kisha huziunganisha. Kwa hiyo karani asitoe karatasi za ofisi, wala jamaa asisimulie sokoni yale aliyodokezewa. Neno likishatoka halirudi, na atakayelilipia yuko mbali.