Feza iko wapi? Kuelewa jibu la telefone wakati wa kutuma makuta

Mchuruzi wa Kaniama anayelipa mahindi kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money anaijua ile saa ngumu: rezo inakatika katikati, mwenye mahindi anasema hajaona kitu, na kamio inangoja. Atume tena? Kwanza ajue mesaje inasema nini.

Hesabu za wateja zinatunzwa katika ordinatere za kampuni, mara nyingi ndani ya majedwali yenye kuungana. Edgar Codd wa IBM ndiye aliyeeleza njia hiyo mwaka wa 1970. Kutuma franka 50 000 ni kazi mbili: kutoa kwa mmoja, kuongeza kwa mwingine. Wafundi wanaziunga pamoja na kuziita transaksio moja. Zote mbili zifanyike, ao hata moja isifanyike. Nusu hakuna.

"Imefaulu" maana yake yote imekwisha kuandikwa. Hata umeme ukikatika, maandishi yanabaki. Ndani ya ordinatere neno lake ni COMMIT. "Imekataliwa" maana yake yote imefutwa na hesabu zimerudi kama mwanzo: ROLLBACK.

Hatari iko kwenye "inangojewa", ao telefone ikinyamaza kabisa. Kunyamaza si kukataa. Pengine ordinatere imekwisha kuandika, ni jibu tu ndilo lililopotea njiani. Anayetuma mara ya pili anafungua transaksio mpya, yenye namba yake. Ordinatere haijui kama ni deni lile lile. Zote mbili zikifaulu, franka 100 000 zimetoka, na kuzirudisha ni kazi.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma tena, mtu aangalie feza iliyobaki kwenye hesabu yake na orodha ya transaksio za mwisho. Kama bado haieleweki, apigie kampuni na kutaja namba ya transaksio, ao saa na kiasi alichotuma. Namba ya siri asimpe mtu.

Mwenye kuuza naye asiachilie mifuko kwa sababu ameonyeshwa mesaje kwenye telefone ya mnunuzi. Mesaje mtu yeyote anaweza kuiandika. Aangalie hesabu yake mwenyewe: kama feza haijaingia pale, bado hajalipwa.